Namna ya Kusoma The Catcher in the Rye Bila Kukitupa Ziwani

Mwaka jana kijana mmoja wa Igoma alinikuta kibarazani mwa duka la steshenari, mtaa wa pili kutoka Barabara ya Nyerere, akaniamkia, akaniwekea kitabu changu mapajani na kusema, "Mwalimu, huyu mtoto kazi yake kulalamika tu. Angekuwa mdogo wangu ningekuwa nimeshamchapa." Alikuwa ameishia sura ya tatu. Nilimsihi akae, tukaanza upya pamoja, kikao kimoja kila Jumamosi, na wiki ya sita alipokifunga kitabu kwa mara ya mwisho hakuzungumzia tena fimbo. Yanayofuata ni utaratibu tulioutumia, pamoja na yale niliyojifunza kwa makundi mengine ya wasomaji wa hapa Mwanza, wengi wao wakiwa vijana waliomaliza kidato cha nne au cha sita, kwa ajili ya yeyote anayetaka kuianza riwaya ya The Catcher in the Rye ya J. D. Salinger na kuifikisha mwisho.

Hatua ya 1: Jua mambo machache tu kabla ya kuanza

Riwaya hii ilitoka Marekani mwezi Julai 1951. Mwandishi wake alizaliwa New York mwaka 1919, akapigana Vita vya Pili vya Dunia barani Ulaya, akiwa miongoni mwa askari walioshuka pwani ya Normandy tarehe 6 Juni 1944, na kurasa za awali za hadithi ya kijana huyu alikuwa nazo kwenye mzigo wake vitani. Vita vilipokwisha alilazwa hospitali nchini Ujerumani kwa sababu ya mshtuko wa yale aliyoyaona. Kitabu kilipomletea umaarufu alihamia Cornish, kijiji cha New Hampshire, akaacha kuchapisha kabisa baada ya mwaka 1965, na akafariki Januari 2010 akiwa na umri wa miaka 91. Ninayataja haya kwa sababu wasomaji wengi huingia wakidhani wanasoma manung'uniko ya mtoto wa tajiri, ilhali aliyeyaandika alikuwa mtu mzima aliyezika wenzake wengi.

Msimulizi ni Holden Caulfield, aliyekuwa na miaka 16 wakati wa matukio na ambaye ana miaka 17 anapotusimulia. Amefukuzwa shule ya bweni kwa kufeli masomo manne, akifaulu Kiingereza pekee, na si shule ya kwanza kuachana naye. Badala ya kusubiri siku ya kufunga shule anaondoka Jumamosi usiku, siku chache kabla ya Krismasi, anapanda treni hadi New York, jiji la kwao, na kuzurura humo hadi Jumatatu bila wazazi wake kujua. Kwa upande wa matukio, hadithi nzima ni hiyo. Anayetafuta mkasa wa kukimbizana hatauona, na ni afadhali aambiwe mapema.

Kuhusu ubishi, inatosha kujua kwamba mwaka 1960 mwalimu mmoja wa Tulsa, Oklahoma alifukuzwa kazi kwa kuwasomesha wanafunzi riwaya hii, akarudishwa baadaye huku kitabu chenyewe kikiondolewa darasani. Na kwamba kwa miaka mingi kilikuwa na sifa mbili kwa mpigo, ya kufundishwa sana katika shule za Marekani na ya kupigwa marufuku sana katika shule hizo hizo. Utasikia pia kwamba mtu aliyemuua mwanamuziki John Lennon Desemba 1980 alikuwa na nakala yake mkononi. Ni kweli alikuwa nayo. Nimeona watu wakikiogopa kitabu kwa ajili ya habari hiyo moja kana kwamba ndicho kilichoshika bastola.

Hatua ya 2: Tafuta nakala iliyo nzima

Salinger hakutaka kitabu chake kisomwe kwenye simu wala kigeuzwe filamu, na hadi mwaka 2019, ndipo familia yake ilipokubali, hapakuwa na nakala halali ya kielektroniki. Faili linalozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mara nyingi limekatwa. Mimi mwenyewe nimewahi kuletewa moja lililoruka kutoka sura ya 13 hadi ya 15, na kijana aliyelisoma alikuwa anashangaa Holden amepata wapi maumivu ya tumbo. Uliza maktaba ya mkoa, uliza wauza vitabu vilivyotumika, na ukipata, hesabu sura: lazima ziwe 26. Usitegemee picha ya jalada ikusaidie kukitambua, maana mwandishi hakupenda picha kwenye majalada na nakala nyingi zina maandishi matupu.

Pamoja na kitabu, nunua penseli na daftari dogo. Penseli, si kalamu, kwa sababu utabadili mawazo yako.

Hatua ya 3: Weka kando fani na maudhui

Sote tuliopita shule za Tanzania tumefundwa kuikabili riwaya kwa swali moja: mwandishi anatufundisha nini? Tunafungua ukurasa wa kwanza tayari tukiwa na majedwali ya dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa, tukimsaka mhusika wa kuigwa na mhusika wa kukemewa. Silidharau zoezi hilo, limenilisha miaka mingi. Ila kwa kitabu hiki linaharibu kazi, kwa sababu Holden hafundishi kitu, hana msimamo wa kuigwa, na nusu ya anayoyasema yanapingwa na anayoyatenda. Anasema anachukia sinema, halafu anakwenda sinema. Anasema hataki kuzungumza na mtu, halafu anaingia kwenye kibanda cha simu. Mara kwa mara anatangaza kwamba yeye ni mwongo hodari, na ndani ya treni anampamba kwa uongo mtupu mama wa mwanafunzi mwenzake ambaye kwa kweli hampendi.

Kwa hiyo badala ya kuuliza anafundisha nini, uliza kila baada ya sura: hapa amekwepa kusema nini? Andika jibu kwa sentensi moja kwenye daftari. Kwa sura saba za mwanzo majibu yako yatakuwa ya kubahatisha, na hilo halina ubaya.

Hatua ya 4: Gawa usomaji kwa siku za hadithi yenyewe

Wengi hugawa kitabu kwa idadi ya kurasa. Sishauri hivyo, kwa sababu hadithi ina saa yake. Sura ya 1 hadi ya 7 ni Jumamosi shuleni. Ya 8 ni treni. Ya 9 hadi ya 14 ni usiku wa Jumamosi hotelini na kwenye kumbi za starehe, hadi alfajiri. Ya 15 hadi ya 20 ni Jumapili mchana na jioni. Ya 21 hadi ya 24 ni usiku wa Jumapili. Ya 25 ni Jumatatu. Ya 26 ni ukurasa mmoja hivi, na ni ya wakati tofauti kabisa. Ukisoma kwa mafungu hayo utaona jambo ambalo msomaji wa kurasa ishirini ishirini halioni, kwamba kijana huyu karibu halali. Anazidi kuchoka, anakula kidogo, analowa nywele kwenye baridi kali, na sauti yake inabadilika kadiri saa zinavyokwenda. Aliyewahi kukesha msibani siku mbili mfululizo anajua jinsi akili inavyoanza kusema yenyewe alfajiri ya pili.

Hatua ya 5: Soma kwa sauti, na usimwonee haya Kiingereza chake

Kiingereza cha Holden si kile cha mtihani. Ni lugha ya vijana wa bweni wa Marekani wa miaka ya 1940, yenye maneno ya kujazia yasiyo na kazi, mathalani "and all" mwishoni mwa sentensi, na yenye kutia chumvi bila kipimo. Anaposema kitu kime-"kill" yeye, hamaanishi kifo. Ni kama sisi tunavyosema "umeniua" tukiwa tunacheka, ila kwake humaanisha pia kuguswa moyo, na wewe ndiwe utakayeamua ni kipi mahali pale. Usikimbilie kamusi kwa kila neno. Soma aya mbili kwa sauti, kwa mwendo wa mtu anayepiga soga kituo cha daladala, na maana nyingi zitajitokeza zenyewe.

Neno moja tu linahitaji kutulia nalo, na ni "phony", ambalo analirudia hadi linachosha. Katika kundi letu tulibishana Jumamosi nzima juu ya Kiswahili chake. Mmoja alisema "mnafiki", lakini unafiki unahitaji nia, na Holden humwita hivyo hata mtu asiyejua kwamba anaigiza. Mwingine alisema "feki", na hilo lilikaribia, kwa kuwa tunalitumia kwa simu, kwa viatu na kwa watu. Binti wa Nyegezi, aliyekuwa kimya tangu tuanze, akasema neno lake ni "msanii", kwa ile maana ya mtaani, ya mtu ambaye hata salamu yake imepangwa. Tulikubaliana naye. Kuanzia hapo kila Holden alipomwita mtu hivyo tulijiuliza kama naye hafanyi usanii, na mara nyingi tulikuta kwamba anaufanya.

Hatua ya 6: Jielezee vitu vitatu ambavyo havipo kwetu

Cha kwanza ni ziwa linaloganda. Holden anawauliza madereva wa teksi kuhusu bata wa kidimbwi kilichopo ndani ya bustani ya Central Park: maji yakiwa barafu, bata wanakwenda wapi? Madereva wanamwona punguani. Msomaji wa Kirumba naye husoma swali hilo akacheka, kwa sababu ziwa lake halijawahi kuganda hata siku moja. Ili uone uzito wake, simama asubuhi penye gati la Kamanga uwatazame ndege wanavyoelea karibu na mitumbwi, kisha fikiri maji hayo yote yamekuwa sakafu ngumu, na hakuna aliyetangaza ndege wahamishiwe wapi. Holden hajui atalala wapi kesho. Anauliza habari za bata.

Cha pili ni glavu ya besiboli. Katika mchezo huo mchezaji huvaa glavu kubwa ya ngozi mkono mmoja ili kudaka mpira, na waliosimama mbali uwanjani hukaa muda mrefu bila mpira kuwafikia. Allie, mdogo wake Holden, alikuwa akitumia mkono wa kushoto, na aliijaza glavu yake mashairi kwa wino wa kijani, vidoleni na kila mahali, ili awe na cha kusoma akiwa amesimama bila kazi. Kumbuka neno kudaka. Litarudi.

Cha tatu ni shamba la kwenye jina la kitabu. Nafaka yenyewe, rye, ni jamaa ya ngano, hurefuka kiasi cha kumficha mtoto. Holden amesikia mtoto akiimba mtaani ubeti wa Robert Burns, mshairi wa Uskoti wa karne ya 18, ila ameusikia vibaya: mshairi alizungumzia mtu kukutana na mtu, yeye akasikia mtu kumdaka mtu. Mdogo wake wa kike, Phoebe, mwenye miaka kumi, ndiye anayemsahihisha. Kutokana na kosa hilo Holden anajenga kazi anayoitamani maishani: kusimama ukingoni mwa genge, watoto maelfu wakicheza shambani bila mtu mzima, na yeye akiwadaka wanaokaribia kuanguka. Kwa mkazi wa jiji letu la miamba picha hii haihitaji maelezo. Panda vilima vya Mabatini au Igogo saa kumi jioni utazame watoto wanavyoteleza juu ya majabali kwa vipande vya maboksi, na chini yao paa za bati. Sijawahi kupita hapo bila kunyoosha mkono kidogo, ingawa watoto hao wanaijua miamba kuliko mimi.

Hatua ya 7: Andika herufi A pembeni

Hii ndiyo hatua ambayo, kama utaniruhusu kukuamrisha, usiiruke hata ukiziruka nyingine zote.

Allie alifariki kwa saratani ya damu tarehe 18 Julai 1946, akiwa na miaka 11. Holden alikuwa na 13. Habari hii hatuipewi mwanzoni, inapenyezwa katika sura ya 5, kama kwa bahati, wakati Holden anaandika insha ya Kiingereza kwa niaba ya mwenzake wa bwenini na kuamua kuielezea ile glavu. Anataja kwamba usiku ule mdogo wake alipokufa alilala gereji na kuvunja madirisha yote kwa ngumi hadi mkono ukaumia, kisha anaendelea na mambo mengine. Msomaji mwenye haraka naye huendelea na mambo mengine.

Kuanzia hapo, kila Allie anapotajwa, andika A pembeni mwa ukurasa, na chini yake andika ni nini kilichotokea muda mfupi kabla. Utakuta hatajwi ovyo. Katika sura ya 14, baada ya usiku mbaya hotelini, Holden anaanza kuzungumza naye kwa sauti, akimwambia akachukue baiskeli wakutane kwa rafiki yao, kwa kuwa siku moja walipokuwa wadogo alimkatalia kwenda naye. Katika sura ya 22 Phoebe anamtaka ataje kitu kimoja anachokipenda, na jina linalomjia ni la Allie. Phoebe anamkumbusha kwamba Allie amekufa. Katika sura ya 25, akivuka mitaa, anaogopa kwamba atatoweka kabla ya kufika upande wa pili, na kila anapofika ukingo wa barabara anamwomba mdogo wake asimwache atoweke, akifika salama anamshukuru.

A ya sura ya 20 ndiyo iliyonifanya niupende mwongozo huu kuliko yote niliyoandaa. Holden, amelewa na amelowa, amekaa peke yake bustanini usiku, anafikiria mazishi yake mwenyewe, na hapo ndipo anaposema kwamba kwenye mazishi ya Allie hakuwepo. Alikuwa bado hospitalini kwa ajili ya ule mkono. Anakumbuka pia walipozuru kaburi mvua ikanyesha, wageni wote wakakimbilia magari yao, wakawasha redio na kwenda kula, wote isipokuwa Allie.

Nilipoisoma sehemu hiyo kwa sauti mbele ya kundi, yule kijana wa Igoma aliyetaka kumchapa Holden akauliza, "Kwa hiyo hakuzika?" Nikamjibu hakuzika. Akauliza tena kama palikuwa na matanga, kama watu walikuja kukaa naye, kama kuna mzee yeyote aliyemwita pembeni. Tulirudi nyuma kutafuta. Kwa kadiri kitabu kinavyotueleza, hakuna. Kuna mama mwenye mishipa ya wasiwasi, kuna baba mwanasheria mwenye shughuli, na kuna kijana anayehamishwa kutoka bweni hadi bweni. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hapa kilio chenyewe ndicho kilichofichwa, kikatokea kama kufeli masomo manne.

Usomaji wa kundi ulibadilika siku hiyo. Hakuna aliyesema tena kwamba Holden analalamika bila sababu, ingawa wapo walioendelea kusema, na nadhani wana haki, kwamba kuwa na sababu hakumfanyi awe rafiki mwema kwa wasichana anaowapigia simu.

Hatua ya 8: Zikabili kurasa zinazowafanya watu wakifunge kitabu

Ziko za aina tatu, nami sishauri kuziruka.

Kwanza, matusi. Yapo, na ni mengi. Huko Marekani kuna wazazi waliokaa wakayahesabu. Lakini wakifika sura ya 25 waonyeshe wasomaji wako jambo moja: Holden anakuta tusi zito limeandikwa kwenye ukuta wa shule ya msingi ya Phoebe, anapandwa na hasira kwa sababu watoto wadogo wataliona, na analifuta kwa mkono. Anakuta jingine limechongwa kwa kisu, hilo halifutiki. Kitabu kilichoshtakiwa kwa kuwafundisha watoto matusi kinamwonyesha kijana anayezunguka akiyafuta.

Pili, sura ya 13 na ya 14. Mwendesha lifti wa hotelini anamuuzia Holden huduma ya kahaba kwa dola tano. Msichana anayekuja ni wa rika lake. Holden anaingiwa na huzuni, hawezi kitu, anataka wazungumze tu, na anamlipa. Baadaye wanarudi wawili kudai tano nyingine, na mwendesha lifti anampiga ngumi ya tumbo. Ukiwa na kundi la vijana, usiharakishe kupita hapo kwa aibu. Waulize msichana huyo naye anafanya nini chumbani mwa mtu usiku ule, na ni nani aliyemtuma. Kundi langu lilizungumza kwa muda mrefu juu ya wasichana wa nyumba za wageni kuliko juu ya Holden, nami niliwaacha.

Tatu, na hapa niwe makini, ni sura ya 24. Holden anakwenda kulala kwa mwalimu wake wa zamani, mtu anayemheshimu, na anaamka gizani akimkuta mwalimu huyo ameketi karibu, akimpapasa kichwa. Anaondoka mbio. Mwandishi hatuambii nia ya mwalimu, na kesho yake Holden mwenyewe anashuku kama alimhukumu vibaya. Kama unaongoza vijana, waambie wazi kwamba kuondoka kulikuwa sawa, iwe nia ilikuwa ipi, na kwamba hakuna heshima inayomlazimu mtoto kubaki chumbani anapoogopa. Katika sura ya 22 pia kuna mwanafunzi aliyejirusha dirishani, na Holden mwenyewe amekuwa na wazo kama hilo. Usisome kurasa hizo na kijana aliyeko kwenye majonzi kisha ukamwacha arudi nyumbani peke yake; kaa naye, muulize moja kwa moja, na kama jibu linakutia hofu mpeleke kwa mtu wa afya.

Hatua ya 9: Waambie wazazi kabla hawajaambiwa na mtu mwingine

Katika shule moja niliyofundisha zamani, mzazi alikuja ofisini na kitabu changu kikiwa kimekunjwa kwenye ule ukurasa wa hotelini, na ukurasa huo tu. Mkuu wa shule hakuuliza kurasa nyingine 200 zinasema nini. Kitabu kiliingia kabatini, na hadi nilipohama kilikuwa bado humo, chini ya madaftari ya mahudhurio. Niliona uchungu, lakini kosa lilikuwa pia langu, kwa kuwa mzazi yule alipaswa kusikia kwangu kwanza.

Siku hizi naandika barua ya nusu ukurasa kwa kila mzazi wa msomaji aliye chini ya miaka 18. Naeleza kwamba kitabu kina matusi, pombe, sigara na tukio la hotelini. Naeleza kwa nini naona kinafaa. Namkaribisha aje kikaoni, na anayekataa namkubalia. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni alikuja, akakaa nyuma na ndoo yake tupu, akasikiliza tafsiri yangu ya hapo kwa hapo ya habari za kaburini, na wiki iliyofuata akarudi bila kuitwa.

Hatua ya 10: Kiweke karibu na Rosa Mistika

Wapo watakaokuambia kwamba ujana wa namna hii ni mambo ya Wazungu. Wape riwaya ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, iliyotoka mwaka 1971, ambayo nayo ilizuiwa kusomwa shuleni kabla ya kuja kukubalika kama moja ya nguzo za fasihi yetu. Rosa ni binti wa visiwani anayekua chini ya baba mlevi na mkali, anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana, na anayekwenda shule ya wasichana hapa hapa Mwanza akiwa hajafundishwa chochote kuhusu wanaume ila kuwaogopa. Ukizisoma moja baada ya nyingine utaona tofauti inayostahili kikao kizima: Holden halindwi na mtu, Rosa analindwa kupita kiasi, na wote wawili wanafika ukingoni. Mimi huanza na Holden na kumaliza na Rosa. Mwenzangu mmoja hufanya kinyume chake na anadai matokeo yake ni mazuri zaidi.

Hatua ya 11: Sura ya 25 kandokando ya ziwa, sura ya 26 nyumbani

Kikao cha mwisho tukifanyie nje. Tunakwenda ufukweni upande wa Capri Point saa kumi na moja jioni, tunapokezana kuisoma sura ya 25, ambayo ni ndefu, kila mmoja kurasa mbili. Mwishoni Phoebe yuko juu ya farasi wa mbao kwenye bembea inayozunguka, watoto wananyoosha mikono kushika pete ya dhahabu, na kaka yake anaogopa wataanguka, lakini safari hii hamdaki mtu. Amekaa kwenye benchi, mvua inamnyeshea, amevaa kofia yake nyekundu ya kuwindia, na machozi ya furaha yanamlenga. Kurasa hizo mpe mtu mwenye sauti isiyo na haraka azisome. Yule wa Igoma ndiye aliyezisoma safari iliyopita, na alipofika kwenye mvua alisimama kidogo, akageuza uso kuelekea majini, ambako wavuvi wa dagaa walikuwa wameanza kuwasha taa zao, kisha akaendelea hadi mwisho wa sura.

Sura ya 26 hatuisomi pamoja. Kila mtu anaondoka nayo, aisome peke yake usiku huo, kisha arudi sura ya 1 aone Holden alikuwa anasimulia akiwa wapi. Kikao kijacho tunaanza kwa kulinganisha zile A.